Tulipompeleka Binti Yetu Dar es Salaam

Ndugu msomaji, haya tutakayoyasimulia yalitupata mwezi wa Agosti mwaka 2015, na kwa muda wa miaka mingi hatukupenda yasikike nje ya nyumba yetu. Aliyehusika nayo zaidi, yaani binti yetu, ndiye aliyetuambia juzi kwamba tuyaandike, naye alisema hivyo huku akicheka. Basi twayaandika.

Makazi yetu ni Minepa, ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa wilaya ya Ulanga. Mtu atokaye mjini Ifakara akenda Mahenge huvuka mto, hupita Kivukoni, kisha hufika kwetu kabla ya Lupiro. Kazi yetu ni kulima mpunga, na kila siku baada ya Alasiri twafundisha watoto wa kijiji kusoma Qur'ani chini ya kibanda cha nyasi. Asiyelijua bonde hili na alifikirie kuwa ni sahani kubwa: upande mmoja milima ya Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge, na katikati uwanda ulio sawa kama ukumbi wa nyumba. Masika ikifika sahani hujaa maji. Mpunga huyapenda maji hayo, nasi twaupenda mpunga; lakini mbu nao huyapenda, na hapo ndipo habari yetu ianziapo.

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alifungua maabara ndogo mjini Ifakara ili kuchungua maradhi ya nchi za joto, na maabara hiyo ilikua mpaka ikawa taasisi kubwa ijulikanayo tangu mwaka 2008 kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sisi tulikuwa kijana, tukikaa kwa mjomba wetu huko Namawala, magharibi ya Ifakara, tukapata kibarua cha kukamata mbu pamoja na vijana wenzetu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu hukaa juu ya kigoda usiku, suruali ameikunja mpaka magotini, tochi mkono mmoja na mrija wa kunyonyea mkono wa pili. Mbu akitua juu ya mguu hunyonywa kwa mrija, akatiwa katika kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa cha chandarua. Wengine waliwahi kuuma kwanza. Wataalamu walipofanya hesabu zao waliona kwamba mkazi mmoja wa Namawala huumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vijidudu vya malaria, yaani karibu kila usiku wa Mungu mara moja. Tuliposikia hesabu hiyo tulistaajabu kwamba tungali hai.

Binti yetu alizaliwa mwaka 1996. Mwaka uliofuata vyandarua vyenye dawa vikaanza kuuzwa kwa bei nafuu katika vijiji vya Kilombero na Ulanga kwa jina la "Zuia Mbu", nasi tukamnunulia kimoja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kusalimika kwa watoto wadogo waliolalia vyandarua hivyo kulizidi kwa asilimia 27. Asilimia hiyo kwa mtu wa mbali ni tarakimu tu. Kwetu sisi ni majina ya watoto tunaowafahamu, waliokua na ambao hawakukua. Naye binti yetu alilelewa akisikia hadithi ya mrija na kikombe mahali pa hadithi za sungura na fisi. Alipotimiza miaka kumi alituuliza kwa nini kazi yetu ilikuwa kuwakamata mbu tu na si kuwatazama ndani. Tulimjibu kwamba waliowatazama ndani ni watu waliosoma. Basi tangu siku ile tulikuwa tumejiingiza katika gharama.

Mwaka 2015 alimaliza kidato cha sita, na matokeo yake ya Fizikia, Kemia na Biolojia yalikuwa mema. Alitaka kusoma udaktari. Serikali inayo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, naye alikwisha jiandaa kuomba huko; lakini mkulima hapandi mbegu ya namna moja, na tuliposikia kwamba mfuko mmoja wa Waislamu mjini Dar es Salaam huwasomesha vijana, tukataka ajaribu na huko pia. Jina la mfuko huo hatutalitaja. Fomu zilitolewa Dar es Salaam na zilitakiwa kurudishwa huko huko kabla ya siku chache kupita, kwa hiyo tulimpigia simu ndugu yetu mmoja akaaye Magomeni, tukamsomea matokeo ya binti herufi kwa herufi, naye akatujazia fomu na kuipeleka. Tulimshukuru sana. Baada ya wiki mbili alituletea habari kwamba binti ameitwa kuhojiwa.

Yafaa tueleze kidogo fedha hizo zilikuwa za namna gani, maana vijana wengi huzidhania kuwa ni sadaka. Zilikuwa qardh hasan, yaani mkopo mwema usio na riba. Utaratibu huo si mgeni. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama wa benki hiyo, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mpango ule ulijengwa hivi: mwanafunzi huhesabiwa kuwa amekopa, na akiisha kusoma na kupata kazi hulipa kidogo kidogo, lakini fedha anazozilipa hazirudi Jeddah, bali hubaki katika jamii yake zikamsomeshe mwingine. Mfuko tulioomba sisi ulifuata mfano wa namna hiyo. Kwa ajili hiyo wahojaji hawatazami akili ya kijana peke yake. Hutaka kujua pia kama ni mtu wa kulipa, kwa sababu asiyelipa humzuia asiyemjua. Sisi tulio waalimu wa Qur'ani twapenda kuwakumbusha watoto kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu si ya vita wala ya mirathi, ni ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi wakweli. Tulimkumbusha binti yetu jambo hilo tukiwa bado nyumbani, tena kwa sauti ya kujiamini.

Nauli na fedha ya matumizi tulizipata kwa kuuza magunia matatu ya mpunga, kwa bei ya wakati wa mavuno, ambayo kila mkulima wa Kilombero aijua ilivyo. Hazikutosha. Kilichopungua tulikopa kwa jirani yetu, Mkristo wa Kipogoro, ambaye mpaka wa shamba lake na letu ni mfereji mmoja. Hakutaka karatasi. Alisema, "Mtoto akipita, utanilipa. Asipopita, utanilipa vile vile."

Tulivuka mto Jumanne jioni kwa kivuko, kwa kuwa mabasi ya Dar es Salaam huondoka Ifakara alfajiri na kivuko hakingaliwahi. Mto ulikuwa umepungua lakini ulikuwa mpana bado, na upepo ulivuma kutoka Mahenge. Mama yake alisimama ukingoni mpaka tulipofika ng'ambo. Yeye hakuipenda safari hii. Hakusema kwamba msichana asisome. Alisema kwamba mtu akienda kuomba katika mji wa watu hurudi na kitu ambacho hakukiomba. Tulimwona kuwa ana hofu za kike.

Siku hizo barabara kutoka Ifakara mpaka Kidatu ilikuwa ya vumbi. (Sasa ni ya lami, nayo ilizinduliwa mwaka 2024, vijana wanaopita leo huku wamelala usingizi hawajui.) Tulipita Kiberege na Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kushoto na misitu yake imeshuka mpaka karibu na njia, tukaingia katika mashamba ya miwa, tukavuka mto Ruaha Mkuu, na tulipofika Mikumi abiria wote walikuwa na nyusi nyekundu. Binti alikuwa amejifunika kanga mpya usoni na daftari lake amelitia ndani ya mfuko wa nailoni. Kutoka Mikumi mpaka Chalinze alisoma. Alijiuliza maswali na kujijibu kwa sauti ndogo: kwa nini wataka udaktari, mbu wa malaria ni wa aina gani, utalipaje mkopo. Nasi tulimtia maneno hapa na pale. Tulimwambia asimkatize mwenye kuuliza, asiseme kwa haraka, tena asione haya kusema "sijui" pale asipojua. Mashauri hayo hata leo tungempa kijana yeyote, pamoja na kumtaka afike mjini siku moja kabla, awe na vyeti vyenyewe wala si nakala tu, na zaidi ya yote aisome mwenyewe fomu iliyopelekwa kwa jina lake. Hilo la mwisho hatukumwambia binti yetu, kwa kuwa hatukulijua.

Tulishuka Ubungo, kilipokuwa kituo kikuu cha mabasi wakati ule, jua likiwa limekwisha kuchwa. Barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbwa katikati kwa ajili ya njia ya mabasi ya mwendo kasi, na magari yalikuwa yakisongana kama samaki katika mgono. Ndugu yetu alitupokea vizuri, akatupikia wali na samaki, na baada ya Isha akatuletea nakala ya fomu ili binti aipitie.

Binti aliisoma, akasimama katikati ya ukurasa, akatupa karatasi sisi bila neno. Mahali palipoandikwa "Baba", palijazwa: amefariki mwaka 2009, kwa malaria. Mahali pa mlezi palikuwa na jina na sahihi ya ndugu yetu.

Ni wachache katika waja wa Mwenyezi Mungu waliopata kusoma habari za kifo chao wenyewe, nasi twakiri kwamba jambo la kwanza lililotujia halikuwa hasira. Tulijiuliza kwa nini malaria. Ndugu yetu alitueleza pole pole, kama mtu amwelezaye mtoto. Nafasi zilikuwa chache na waombaji wengi. Mayatima hutangulizwa. Mtoto wa mkulima aliye na baba mzima huwekwa chini ya mafungu yote, na hata akiwa na akili kama malaika hataitwa. "Ameitwa, hakuitwa?" alituuliza. "Basi kesho usionekane, kaka. Mimi nitampeleka, mimi ndiye mlezi. Wewe kaa nyumbani upumzike."

Msomaji atataka kujua sisi, tufundishao watoto chini ya kibanda kwamba ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, tulijibu nini. Hatukujibu kitu. Tulisema tumechoka na vumbi. Tulipolala tulianza kujitafutia udhuru, na usiku wa mji ule wenye joto na kelele udhuru hupatikana mwingi. Tulisema moyoni kwamba si sisi tulioandika. Tulisema kwamba ni dharura. Tulihesabu magunia matatu, na deni la jirani, na maswali ambayo watu wa Minepa watatuuliza tukirudi. Tulisema hata kwamba mtu aliyeketi Namawala usiku kucha miguu wazi amekwisha kufa mara nyingi, na uongo huo si uongo sana. Shetani akitaka kumpata maalimu humjia kwa hoja za kimaalimu.

Alfajiri, binti alipokuwa akitutilia maji ya kutawadha, alituuliza, "Baba, nikiulizwa nitasemaje?"

Tulimjibu, "Utajibu utakaloulizwa."

Hilo si jibu, naye alijua si jibu. Jibu hilo ndilo tulilolificha miaka yote hii, kuliko hata fomu yenyewe. Fomu iliandikwa na mtu mwingine kwa kutaka kutusaidia. Jibu lile lilitoka katika kinywa chetu, na tulilimwekea mtoto wa miaka kumi na tisa mabegani ili akalichukue yeye.

Hatukuweza kukaa nyumbani. Tuliwafuata mpaka karibu na Kariakoo, palipokuwa na nyumba ya ghorofa ambamo watu walihojiwa, na wao walipoingia, sisi tukakaa upande wa pili wa njia chini ya mwarobaini. Palikuwa na wazee wengine pale, waliowaleta watoto kutoka Tanga na Lindi na Kigoma. Karibu yetu alikaa bibi mmoja aliyevaa baibui la zamani, mikono yake migumu kama ya mtu wa jembe. Alitwambia kwamba ametoka Kilwa na mjukuu wake wa kiume. Mama yake kijana alifariki katika uzazi, na baba yake alikwenda na jahazi asirudi. Amemlea tangu akinyonya, kwa kusuka ukili na kuuza nazi. Akatuonyesha vyeti viwili vya vifo alivyovikunja ndani ya kitambaa, karatasi zimechakaa penye mikunjo kwa ajili ya kuonyeshwa kila mahali.

Kisha akatuuliza, "Na wewe, mwanangu, umemleta nani?"

Tukasema, "Mtoto wa ndugu yangu."

Alituombea dua, sisi na huyo mtoto wa ndugu yetu. Tuliitikia "Amina". Hatukumbuki kama katika maisha yetu tumewahi kusema neno zito kuliko "Amina" ile. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake tulifahamu kwamba fungu la mayatima si tarakimu katika karatasi. Lilikuwa na mtu ndani yake, naye alikuwa juu ghorofani katika shati lililopigwa pasi, akingojea zamu.

Ilipata saa tano. Kijana mmoja wa mapokezi alitoka mlangoni na karatasi mkononi, akatazama upande wetu, akaita jina la binti yetu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Baba yake yuko wapi? Baba yake anaitwa juu."

Tulisimama. Yule bibi wa Kilwa alitutazama, akafungua kinywa, akakifunga. Tukavuka njia.

Chumbani walikuwa watu watatu: mzee mwenye ndevu nyeupe katikati, mwanamume mwingine aliyekuwa akiandika, na mama mmoja daktari aliyevaa miwani. Ndugu yetu alikuwa amesimama karibu na dirisha akitazama nje. Binti alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Baadaye tuliambiwa lililopita. Walimwuliza habari za masomo, akajibu vizuri. Walimwuliza habari za malaria, akawaeleza mpaka yule mama daktari akaweka kalamu chini ili asikilize. Ndipo mzee akasema kwa huruma, "Na marehemu baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi gani?" Binti akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee wangu, baba yangu hajafa. Yuko chini ya mti, ng'ambo ya barabara. Amevaa kanzu na kofia ya kijani, na tangu asubuhi hajala kitu."

Mzee alitutazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akasema, "Maalim, karibu. Twafurahi kukuona mzima."

Tulitaka kusema kwamba fomu ilijazwa na mtu mwingine. Maneno yalikuwa yamekwisha pangwa ulimini. Lakini tulimwona ndugu yetu mgongoni, shati lake limelowa jasho, mtu aliyeacha kazi yake siku mbili kwa ajili ya mtoto wetu. Tukaona ni ubaya kumtupa yeye mtoni ili tuvuke juu yake. Tukasema, "Tuliyajua haya tangu jana usiku. Tulinyamaza."

"Kwa nini?" akauliza.

Tulisema kweli, kwamba tuliuza mpunga na tuna deni. Hakuna aliyecheka. Mama daktari aliuliza kama ni kweli tulikuwa tukikamata mbu kwa miguu, tukasema ndiyo, naye akatikisa kichwa pole pole asiseme kitu. Tulidhani kwa nukta moja kwamba mambo yatageuka kuwa mema, kama yageukavyo katika hadithi. Hayakugeuka. Mzee alitueleza kwa upole kwamba kanuni zao ni kuweka kando kila fomu iliyo na habari isiyo kweli, haidhuru imeandikwa na nani, na kwamba wakiipindua kanuni hiyo kwa msichana mwenye akili itawabidi kuipindua kwa kila mtu. Akasema binti anaweza kuomba tena mwaka ujao. Akasimama, akampa mkono ndugu yetu, akatupa mkono sisi, na kwa binti yetu akaweka mkono wake kifuani na kuinama. Tulitoka.

Chini ya mwarobaini yule bibi alikuwa amekwisha elewa, kwa jinsi tulivyoitwa. Hakututazama sisi. Alimshika binti mkono, akamtilia kiganjani kipande cha kashata kilichofungwa katika karatasi, akamwambia, "Kula, mama." Hatukuuliza majina yao, wala hatukusikia kama mjukuu wake alipata.

Habari za jioni ile Magomeni hatutazirefusha. Ndugu yetu alisema tumejitia umaskini kwa mikono yetu, na kwamba tumemvunjia uso mjini. Neno la pili lilikuwa kweli.

Ijumaa baada ya sala tulipanda treni ya TAZARA, maana nauli ya daraja la tatu ilikuwa ndiyo tuliyobakiwa nayo. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 mpaka New Kapiri Mposhi huko Zambia, ndiyo iliyolifungulia bonde letu njia ya mji, nasi twaipenda kuliko basi, kwa sababu ndani ya treni mtu aweza kunyamaza bila kuonekana amenuna. Jua lilikuwa likichwa tulipoingia pori la Selous, sehemu ambayo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twiga watatu walisimama karibu na reli, wakageuza shingo zao pamoja. Abiria wote walikimbilia upande mmoja kuwatazama. Binti yetu hakuinuka.

Giza lilipoingia akasema, "Baba, umenikasirikia?"

Tukasema hapana.

"Nilijaribu kulisema," akasema. "Nililitia neno ulimini, 'alifariki'. Nikaona nikilisema, nitarudije nyumbani kukuamkia shikamoo?"

Treni ilikwenda kitambo. Tulitaka kumwomba msamaha, na mzazi wa kwetu hakuzoea kumwomba mtoto msamaha. Hakuna aliyetufundisha maneno yake. Karibu na Kisaki tuliyapata, yakiwa mafupi sana. Yeye akajifunika kanga, akalia sasa, ambaye hakulia mchana kutwa, kisha akatukatia nusu ya kashata.

Tulishuka Ifakara usiku mwingi, tukalala kituoni mpaka kulipopambazuka, tukavuka mto. Mama yake aliuliza swali moja tu: amerudi na nini? Tulimweleza yote. Alitazama kando, akaenda kuchochea moto.

Jambo gumu lililobaki lilikuwa jirani. Tulimwendea jioni ile ile tukamsimulia bila kupunguza kitu, kwamba mtoto hakupita na sababu yake ni hii. Alisikiliza, akaweka jembe chini, na kwa muda tulidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akijizuia. "Kwa hiyo," akasema, "fedha zangu nimemkopesha marehemu?" Akacheka mpaka akakaa juu ya tuta. Tulimlipa baada ya mavuno ya mwaka 2016, naye kila alipotuona mferejini alituuliza kama huko ahera mpunga umestawi.

Binti hakungoja mwaka ujao. Alipata nafasi katika chuo cha uganga kilichopo hapa hapa Ifakara, akasoma miaka mitatu, nasi tukauza mpunga kila msimu, na msimu mmoja tukauza na ng'ombe. Katika miaka hiyo kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka, mwezi wa Januari 2016, usiku wa dhoruba, naye alikuwa amevuka siku mbili kabla. Mwaka 2018 daraja la mita 384 likazinduliwa, na kivuko kikapumzika. Ndugu yetu wa Magomeni alikuja kwetu kwa sikukuu ya Idi mwaka huo huo, akapita juu ya daraja kwa gari, tukachinja mbuzi, na mambo ya fomu hayakutajwa na mtu.

Leo binti yetu ni tabibu katika zahanati moja ya bondeni. Hakuwa daktari kama alivyotaka, na hatutasema kwamba hilo halimwumi. Vitabu vyake vya Biolojia bado viko juu ya kabati, na masika ikifika, siku ambazo watoto wenye homa hupangwa mstari mpaka nje, hutupigia simu kuuliza ni saa ngapi za usiku mbu wa Namawala walikuwa wengi zaidi, naye huyaandika majibu yetu katika daftari. Anasema ataomba tena masomo. Simu yake haianzi kwa salamu za kawaida. Mama yake akipokea husikia sauti ikiuliza, "Mama, marehemu hajambo?"

Naye hujibu, "Marehemu hajambo. Yuko shambani, anafukuza ndege."